Dirisha la dawa si duka



Juma hili tunaacha kidogo habari za unyonyeshaji tulizokuwa nazo, kwa sababu ya jambo lililompata mwenzetu mmoja. Ametupa ruhusa tulisimulie, ila jina lake tuliache. Ni mama wa AVEC yetu, anauza sambaza, na kila mtu anajua kwamba hakuna anayewatunza watoto kumpita. Tunasema hivyo mapema ili pasiwe na mtu wa kusema, «Huyo alikuwa mzembe.» Hakuwa mzembe. Alifanya tunavyofanya sote.

Mtoto wake wa mwisho, mwenye miaka miwili na kilo 10, alishikwa na homa usiku wa Jumamosi. Jumapili asubuhi mama alipita kwenye duka la dawa la karibu na soko, akanunua siro ya homa. Jioni mafua yakazidi, akatuma kijana akanunua siro nyingine, ya mafua na kikohozi. Alimpa mtoto zote mbili, kijiko kijiko, mara tatu kwa siku. Jumanne, homa ilipokataa kushuka, akambeba mgongoni mpaka hospitali. Daktari alimpima mtoto, akasikiliza kifua, akaandika ordonansi yenye dawa tatu. Moja kati ya hizo tatu ilikuwa siro ya homa.

Daktari alikuwa amemuuliza, «Umempa dawa yoyote nyumbani?» Mama akajibu, «Hapana, dokta.» Kwa nini alijibu hivyo? Alituambia mwenyewe: aliogopa kukaripiwa mbele ya watu.

Kwenye dirisha la famasi ya hospitali alikuwepo mfamasia, dada kijana mwenye miwani. Hakumpa chupa na kusema «mwingine aje». Alisoma karatasi, akamtazama mtoto, akauliza kilo zake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, «Mama, hapa sikaripii mtu. Mtoto ana homa tangu Jumamosi, lazima kuna kitu ulichompa. Niambie nikusaidie.» Mama akafungua mfuko wake wa sambaza, akatoa chupa mbili.

Mfamasia akazigeuza, akasoma maandishi madogo. Siro ya kwanza ilikuwa parasetamoli. Siro ya pili, ile ya mafua, nayo ndani yake ilikuwa na parasetamoli. Na dawa ya tatu, aliyoandika daktari, ilikuwa parasetamoli. Majina matatu, rangi tatu, ladha tatu, dawa moja.

Tufanye hesabu pamoja, kama tunavyofanya siku ya kugawana akiba. Mtoto anapewa parasetamoli kwa kilo zake: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa mara moja, na si zaidi ya mara 4 kwa siku. Huyu ana kilo 10, basi mwisho wake ni miligramu 150 kwa mara moja. Siro ya kwanza ilikuwa na nguvu ya miligramu 250 katika kila mililita 5. Ya mafua ilikuwa na miligramu 120 katika mililita 5. Ya hospitali pia ilikuwa miligramu 120. Kama mama angempa kijiko kimoja cha mililita 5 cha kila chupa, mtoto angekunywa miligramu 490 kwa mara moja. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya kipimo chake. Na alikwisha kumeza cha chupa mbili kwa siku mbili.

Parasetamoli ni dawa nzuri, tena salama, ikipimwa. Ikizidi inaumiza ini. Nayo inaumiza kimya kimya: siku ya kwanza mtoto anaweza kutapika tu, au asionyeshe dalili yoyote, na ubaya kutokea siku zinazofuata. Kwa hiyo mfamasia hakusema «nenda nyumbani». Alitoka kwenye dirisha, akaenda yeye mwenyewe kwa daktari na chupa mkononi. Mtoto akatolewa damu, akawekwa chini ya uangalizi mpaka kesho yake, kisha akarudi nyumbani mzima. Leo anakimbiza kuku za jirani.

Tulipomaliza kusikiliza, kikundi kizima kilinyamaza. Halafu mama mmoja akasema, «Mimi nilifikiri mtu wa dirishani ni mwuzaji tu.» Tulicheka, lakini wengi wetu tulifikiri vilevile. Ndiyo sababu ya makala haya.

Ni nani huyu wa dirishani?

Mfamasia ni mtu aliyesoma dawa chuo kikuu kwa miaka mingi, kama daktari alivyosoma magonjwa. Daktari anajua ugonjwa ulioko mwilini. Mfamasia anajua kitu kinachotiwa mwilini: kimetengenezwa kwa nini, kinakaa muda gani kwenye damu, kinagombana na nini, kinaharibika vipi. Hospitali nzuri inawahitaji wote wawili, pamoja na mwuguzi anayekaa na mgonjwa usiku kucha.

Kazi yake kubwa hatuioni, kwa maana inafanyika nyuma ya ukuta. Ni yeye anayechagua dawa zinunuliwe wapi, na kukataa zile zisizojulikana zimetoka kwa nani. Zikifika, anahesabu, anasoma tarehe za mwisho, na kupanga zile zinazokaribia kuisha muda mbele ili zitumike kwanza. Anatenga chupa ndogo zinazofanana sura, mtu wa zamu ya usiku asije akachukua moja badala ya nyingine. Dawa za maumivu makali anazifungia kwenye kabati lenye ufunguo na daftari lake. Anasoma kila ordonansi akijiuliza: je, kipimo hiki kinamfaa mtu huyu? Je, dawa hizi mbili zinapatana? Je, mama huyu ana mimba? Akiona kosa, anampigia daktari kabla dawa haijatoka. Kosa lililozuiliwa namna hiyo halisikiki popote, na mgonjwa mwenyewe anaondoka bila kujua aliponea wapi.

Tuchukue mfano wa maternite. Kumwaga damu baada ya kuzaa ni moja ya sababu kubwa zaidi zinazoua wazazi duniani, na kila mmoja wetu anamjua mama aliyeondoka hivyo. Mara mtoto anapotoka, mzazi anachomwa sindano ya oksitosini, yuniti 10, ili tumbo la uzazi lijikaze na damu isimame. Sasa, oksitosini haipendi joto. Inatakiwa kukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Ikiachwa mezani siku nyingi inapoteza nguvu, na kwa macho huwezi kujua: maji yale yale, chupa ile ile. Mkunga anachoma, anangoja, damu haisimami. Mfamasia anayefungua friji asubuhi na jioni kuandika nyuzi za joto, anayekimbilia jenereta au barafu umeme ukikatika, amemshika mzazi mkono bila kuingia chumba cha kuzalia.

Mfano wa pili ni mtoto mchanga. Kuna dawa ya sindano inayoitwa seftriaksoni, inayotumika sana kwa maambukizi makali. Kwa mtoto ambaye hajapita siku 28, dawa hiyo haitakiwi kukutana na seramu yenye kalsiamu, kama vile Ringer laktati. Zikikutana mwilini zinaweza kufanya chembechembe ngumu ndani ya mapafu na figo. Kila moja peke yake ni dawa inayookoa, lakini zikiwa pamoja ni hatari. Mwuguzi mwenye vitanda 30 anaweza kusahau. Mfamasia anayepita wodini na kusoma karatasi za wagonjwa yuko pale kumkumbusha.

Mfano wa tatu ni sisi wenyewe. Mama anayetumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, ajue kwamba dawa hiyo inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, hata ya vijiti vya mkononi. Anaweza kushika mimba akidhani amejikinga. Mjamzito aliyezoea kununua ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo, ajue kwamba mimba ikisha kukua dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Na vile vidonge vya kuongeza damu tunavyopewa kliniki, tukivimeza na chai, sehemu kubwa ya chuma inapotea bure. Haya yote mfamasia anayajua na anaweza kutuambia kwa dakika mbili. Lakini mpaka tumwambie kwamba tuna mimba, kwamba tuna kijiti, kwamba tunameza dawa za kifua.

Dawa zenye jina la uongo

Kuna wanaosema, «Dawa ni dawa, hata ya sokoni.» Tuwakumbushe yaliyotokea kwetu Kongo, si mbali. Kuanzia mwisho wa mwaka 2014, upande wa Ituri, watu walianza kufika hospitalini wakiwa na shingo iliyopinda, uso uliokakamaa, ulimi unaotoka nje. Wengi walikuwa watoto. Kwanza ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Mpaka mwezi wa nane wa mwaka 2015 waliougua walikuwa wamepita 1,000, na wengine walikufa.

Haukuwa ugonjwa. Maabara ilipopima vidonge walivyokuwa wamepewa, vilivyoandikwa diazepamu, dawa ya kutuliza, ilikuta ndani haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili. Jina kwenye kopo lilisema hivi, kitu ndani kilikuwa kingine. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa onyo kwa nchi zote mwaka 2015.

Hakuna jicho la mama lingeweza kukitambua kidonge kile. Kwa hiyo hatuwezi kusema «nitaangalia vizuri» na kuridhika. Kinachotukinga ni njia ambayo dawa imepita. Hospitali yenye mfamasia inanunua kwenye ghala zinazojulikana, kama ile ya ASRAMES ya Goma. Inaandika nambari ya loti. Na siku onyo likitoka, mfamasia anafungua daftari, anaona loti ile imekwenda wodi gani, anairudisha. Mwuzaji wa beseni kichwani, anayepita na vidonge vya rangi vilivyopigwa jua tangu asubuhi, hana daftari. Ukirudi kesho na mtoto aliyezidiwa, hutamkuta pale.

Hatusemi haya kuwadharau wanaotafuta riziki. Tunasema kwa sababu beseni la nyanya na beseni la dawa si kitu kimoja. Nyanya ikioza unaiona.

Tuseme ukweli juu ya pesa

Sasa tunasikia wengine wakinung'unika: «Ninyi wa kamati, mnasema hospitali, hospitali. Pesa iko wapi?» Ni kweli. Wengi wetu hatununui sokoni kwa kupenda. Tunafika na ordonansi ya dawa tano, mkononi tuna feranka za dawa mbili. Tunafanya nini? Tunachagua kwa bei. Au tunanunua nusu ya kila dawa. Au tunaikunja karatasi na kurudi nyumbani na aibu.

Hapa ndipo mfamasia anaweza kutusaidia kuliko tunavyodhani, ila tuongee. Mwambie wazi: «Pesa yangu ni kiasi hiki. Ipi ni ya lazima leo?» Usichague mwenyewe. Kati ya zile tano, pengine moja ndiyo inayoponya, mbili zinatuliza, na mbili zinaweza kungoja. Wewe ukichagua kwa bei unaweza kuacha ile moja. Yeye atakuambia, na akiona kuna la kubadilisha atamuuliza daktari.

Muulize pia kama kuna jenerike. Amoksisilini ni amoksisilini, iwe kwenye boksi linalong'aa au kwenye boksi la kawaida, mradi imetoka mahali panapojulikana. Boksi zuri linaweza kukugharimu mara nyingi zaidi bila kuongeza nguvu yoyote.

Lakini jambo moja tusilifanye: kununua nusu ya antibiotiki. Ukimpa mtoto siku mbili badala ya siku ulizoandikiwa, vijidudu dhaifu vinakufa na vile vyenye nguvu vinaweza kubaki vikajifunza. Mara nyingine dawa ile ile haitamponya, wala mdogo wake, wala mtoto wa jirani. Ni afadhali kukopa kwenye mfuko wa msaada wa AVEC kuliko kununua nusu. Mfuko ule tuliuweka kwa siku kama hizo.

Na kama famasi ya hospitali imeishiwa, kwa sababu barabara imefungwa au ghala halijaleta, mkatumwa kununua nje, fanyeni mambo mawili. Kwanza, mwombeni mfamasia awaandikie vizuri jina la dawa yenyewe, nguvu yake na idadi. Pili, mkishainunua, rudini mpitishe mbele yake kabla mtoto hajameza. Ni hatua chache. Mfamasia mwema hatakataa kuitazama.

Aibu inatuumiza

Turudi kwa mwenzetu wa sambaza. Kilichotaka kumponza hakikuwa ujinga, maana alijua vizuri alichompa mtoto. Ilikuwa aibu. Sisi tunaoandika hapa nasi tumeificha mengi. Tumeficha majani tuliyochemsha, kwa sababu mwuguzi alisema majani ni ushenzi. Tumeficha dawa ya mama mkwe, kwa sababu hatutaki kumchongea. Tumeficha vidonge tulivyopewa na dada yetu vilivyobaki kwake. Halafu tunashangaa dawa ya hospitali «imemkataa» mtoto.

Hospitali nazo zina sehemu yao. Mama anayekaripiwa leo atadanganya kesho. Tunawaomba wauguzi, madaktari na wafamasia wanaosoma hapa: msituaibishe mbele ya foleni. Yule dada mwenye miwani alifungua mfuko wetu kwa maneno matatu tu: «Hapa sikaripii mtu.» Kama yangeandikwa juu ya kila dirisha, watoto wengi wangekuwa salama zaidi.

Na tuseme jambo lingine la kweli. Si kila dirisha lina mfamasia. Katika hospitali nyingi za ndani na karibu vituo vyote vya afya, anayeshika dawa ni mwuguzi au msaidizi aliyefundishwa kazi hiyo, naye pengine ndiye anayepima, anayechoma na anayeandika kwenye daftari. Tusimdharau; wengi wanafanya kazi kwa moyo na mshahara unachelewa. Lakini ni haki yetu kuuliza kwa heshima, «Mfamasia yupo?» Na wale wenzetu wanaokaa kwenye kamati za afya za mitaa, siku mnapohesabu mahitaji ya hospitali kuu ya rufaa, pamoja na vitanda na mabati, taja na mtu wa dawa. Vitanda vipya havimsaidii mgonjwa kama dawa aliyochomwa imekufa kwa joto.

Maswali ya dirishani

Tumeyaweka haya yawe mafupi, ili hata asiyesoma aweze kuyashika kwa vidole vya mkono mmoja.

Kidole gumba: dawa hii inaitwaje, na ni ya nini? Jina la dawa yenyewe, si la boksi. Ukilijua hutampa mtoto dawa moja mara mbili kwa majina mawili.

Kidole cha pili: nimpe kiasi gani, na kwa kifaa gani? Taja kilo za mtoto. Omba kikombe chenye alama au seringi isiyo na sindano, wakuonyeshe mstari wa kufikia. Vijiko vya jikoni havilingani. Cha kwako si cha jirani.

Kidole cha tatu: saa ngapi, na siku ngapi? Mfano, dawa ya malaria ya artemeta na lumefantrini ni vipimo 6 kwa siku 3. Cha pili kinafuata saa 8 baada ya cha kwanza, na inaingia mwilini vizuri zaidi mtu akila chakula chenye mafuta kidogo au akinywa maziwa. Zinki ya kuhara inaendelea siku 10 mpaka 14, hata kama kuhara kumeisha siku ya tatu.

Kidole cha nne: isichanganywe na nini? Hapo ndipo unapotaja kila kitu: mimba, kunyonyesha, kijiti, majani, dawa za kila siku.

Kidole cha mwisho: niiweke wapi, na nikiona nini nirudi haraka? Siro ya antibiotiki iliyotiwa maji hudumu siku chache tu. Usiihifadhi kwa ajili ya ugonjwa wa mwezi ujao. Na kila dawa ikae juu, mbali na mikono ya watoto, si chini ya kitanda.

Kabla ya kuondoka, rudia kwa maneno yako mwenyewe uliyoambiwa. Sema: «Basi nitampa hivi, asubuhi na jioni, siku tano.» Kama umekosea atakusahihisha pale pale. Hakuna aibu ndani yake. Hata fundi wa nguo hurudia vipimo kabla ya kukata kitambaa.

Tuliyokubaliana

Katika mkutano wetu tumeamua mambo matatu, na tunaviomba vikundi vingine vifikirie kama yanawafaa.

La kwanza ni mfuko wa dawa. Kila nyumba iwe na mfuko mmoja wa kitambaa, na dawa zote za nyumbani zikae humo, pamoja na maboksi yake. Siku ya kwenda hospitali, mfuko unakwenda pamoja na mtoto na kadi yake. Majani nayo yaingie humo, hata kama ni tawi moja. Badala ya kuulizwa na kujitetea, unauweka tu kwenye dirisha. Wamama wa ushonaji wamejitolea kutushonea kwa vitambaa vilivyobaki.

La pili ni kilo. Kila mwezi watoto wanapopimwa, mama akariri kilo za mtoto wake kama anavyokariri siku yake ya kuzaliwa. Mtoto anakua, kipimo cha mwaka jana si cha mwaka huu.

La tatu ni mazungumzo. Tarehe 25 mwezi wa tisa ni siku ya wafamasia duniani. Tumepanga kumwalika mfamasia mmoja aje akae nasi siku hiyo, chini ya mwembe, si kwa hotuba, bali kwa maswali. Kila mmoja aje na mfuko wake. Tutaifungua pamoja, na tukikuta dawa zilizopita muda tutamkabidhi aziharibu inavyotakiwa, zisitupwe chooni wala kwenye mfereji ambako watoto wanacheza.

Mwenzetu wa sambaza ameshasema yeye atakuwa wa kwanza kufungua mfuko wake. Alisema hivi: «Mimi aibu yangu niliimaliza siku ile. Sasa iliyobaki ni ya kwenu.»